KAMBARAGE NA MANENO YAKE: Maisha ya Mwalimu ambayo hatukuyasoma kwenye somo la Uraia

Leo naweka pembeni habari za bei ya sato na dagaa pale mwaloni, naweka pembeni siasa za madiwani, nataka tuzungumze kuhusu mtu ambaye kila mmoja wetu anajidai anamjua. Julius Kambarage Nyerere.

Najua wapo watakaosema aah, tena huyo? Kila tarehe 14 Oktoba tunasikia yaleyale, Azimio la Arusha, Vita vya Kagera, Baba wa Taifa, basi. Subiri kwanza, usifunge ukurasa. Mimi sio mwanahistoria, ni kijana tu wa hapa Makoko niliyeishia kidato cha nne, na siasa zake wameandika wasomi wengi kunizidi. Ninachotaka kuwasimulia ni upande mmoja ambao naona tumeuacha: huyu mzee na MANENO. Maneno yametoka wapi, yanaandikwaje, na nani mwenye haki ya kusema hili ni sahihi na hili ni kosa.

Kwa nini nimechagua hilo? Kwa sababu sisi vijana wa Mara tuna kidonda. Ukienda Dar au hata Mwanza tu hapo, ukifungua mdomo watu wanaanza kucheka. Wanatuigiza jinsi tunavyochanganya r na l, eti tunaenda kupiga kula na tunakura ugali. Wengine wetu tumefika mahali tunaona aibu hata kupokea simu ya bibi mbele za watu, maana bibi anaongea Kizanaki, au Kijita, au Kikurya, au Kikwaya, na wewe unajibu kwa Kiswahili cha kunong'ona. Sasa hebu tumtazame mzaliwa wa hukuhuku alivyoishi na lugha zake.

JINA KABLA YA JINA

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake alikuwa Nyerere Burito, chifu wa Wazanaki tangu 1915 enzi za Wajerumani. Mama yake alikuwa Mgaya wa Nyang'ombe, mke wa tano kati ya wake 22 wa chifu. Kabla hatujaenda mbali, angalia hilo jina la ukoo wa mama. Nyang'ombe, lina ile alama juu baada ya ng. Ishike akilini, tutairudia huko mbele kwa sababu ina kazi kubwa kuliko unavyodhani.

Mtoto kwanza aliitwa Mugendi, yaani mtembezi, mtu wa kwenda. Ni lilelile shina la kwenda tulilonalo kwenye Kiswahili, ni ndugu wa damu. Halafu jina likabadilishwa akawa Kambarage. Kambarage ni jina la mzimu wa mvua kwa Wazanaki, na mtoto alizaliwa mvua kubwa ikinyesha. Na Nyerere je? Wengi wanadhani ni jina la ukoo lenye maana ya ukubwa fulani hivi. Kumbe ni yule mdudu! Kiwavi anayekula mazao. Baba yake alizaliwa mwaka ambao viwavi walivamia nchi, akaitwa hivyo, ndiyo desturi yetu huku, mtoto anabeba habari za msimu aliozaliwa. Yaani ukilitaja jina kamili la Mwalimu unataja mvua na unataja viwavi, kalenda nzima ya mkulima wa Butiama. Hilo la katikati na la mwisho yalikuwa yake tangu utotoni. Julius lilikuja baadaye sana, tutalifikia.

Miaka yake ya mwanzo hakujua Kiswahili. Alijua Kizanaki, lugha ya watu wachache kuliko mashabiki wa timu moja ya Kariakoo. Alichunga mbuzi kama mtoto yeyote. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, akapelekwa shule ya bweni Mwisenge hapa Musoma mjini. Kutoka Butiama mpaka hapa ni kama kilomita 40, kwa mtoto wa miaka hiyo ilikuwa safari haswa. Ni hapo Mwisenge alipoanza kusoma, na Kiswahili akakikuta darasani kama mimi na wewe tulivyokikuta Kiingereza: lugha ya ubao, lugha ya mwalimu, sio lugha ya jikoni kwa mama.

Hebu tulia hapo kidogo. Mtu ambaye baadaye alitafsiri Shakespeare kwa Kiswahili hakuzaliwa na Kiswahili. Hakuwa wa Unguja, hakuwa wa Tanga, hakuwa na bibi wa kumsimulia hadithi kwa lugha ya pwani. Alikijifunza, tena ukubwani ukubwani. Wewe unayeambiwa Kiswahili chako ni cha bara kana kwamba ni ugonjwa, jibu unalo.

TABORA, NYEGINA, MAKERERE

Alifaulu vizuri akaenda Tabora mwaka 1937, shule ya serikali ya wavulana, ile waliyosoma watoto wengi wa machifu. Huko ndiko Kiingereza kilipomuingia. Mwaka 1942 baba yake akafariki, na uchifu ukachukuliwa na kaka yake, Wanzagi. Mwaka uliofuata, 1943, akaenda Makerere kule Uganda kusomea ualimu.

Mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, alibatizwa katika misheni ya Nyegina, sio mbali na hapa mjini, akachagua jina Julius. Ni jina la Kirumi, jina la ukoo wa yule jemadari maarufu. Nadhani hata yeye mwenyewe wakati ule hakujua kwamba miaka 20 baadaye atakaa mezani akiumiza kichwa jinsi ya kuandika jina hilohilo kwa Kiswahili.

Alitoka Makerere na cheti cha ualimu 1945, akafundisha Tabora katika shule ya misheni ya St. Mary's, halafu 1949 akaenda Edinburgh, Scotland, akarudi 1952 na shahada. Mwaka 1953 akamuoa Maria Gabriel, na akaanza kufundisha Pugu. Hapo ndipo lile jina la nne lilipoanza kumshika: Mwalimu.

Neno lenyewe tunaliona letu kabisa, lakini limesafiri. Limetoka kwenye Kiarabu, ni la ukoo mmoja na elimu na taalimu. Waswahili wakalipokea, wakalipa sauti yao, wakalipa wingi wao, walimu, likawa lao. Hakuna anayelirudishia Mwarabu leo. Neno likishaoa na kuzaa kwenu ni la kwenu.

KIBARUA CHA KUFUNDISHA KIZANAKI

Sasa sikilizeni hii, kwa sababu mimi nilipoijua nilikaa kimya dakika nzima.

Tarehe 7 Julai 1954 ilizaliwa TANU, ndiyo Saba Saba yenyewe, na Nyerere akawa rais wake. Machi 1955 akaenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akidai Tanganyika iandaliwe kujitawala. Aliporudi akawekwa njia panda: siasa au ualimu, huwezi vyote. Akaacha kazi Pugu. Yaani mtu mwenye shahada ya Edinburgh, mke na watoto, akabaki hana mshahara! Jamani, wale tunaozunguka na bahasha za kaki tunajua maana ya hilo.

Akarudi nyumbani huku. Unajua alipata kazi gani? Alimfundisha Kizanaki padri mmoja Mmarekani wa shirika la Maryknoll, wale mapadri waliofika Musoma mwaka 1946, na akawa anatafsiri mafundisho ya dini na masomo ya misa kwa Kizanaki. Ndiyo kibarua kilichomlisha. Yule aliyetoka kusikilizwa New York alikaa na mgeni, akamfundisha jinsi mama zetu wanavyosema maji, moto, mtoto, njaa.

Nimekulia Makoko, na hapa mtaani kuna shule ya lugha ya Kanisa ambako kwa miaka mingi wageni wamekuja kufundishwa Kiswahili. Tangu wadogo tuliwazoea, Mzungu anapita anasalimia shikamoo kwa mtoto, sisi tunacheka. Lakini sikuwahi kuwaza kwamba kazi ile ya kukaa na mgeni na kumtamkisha neno mara 20 aliifanya Mwalimu mwenyewe, tena sio kwa lugha ya taifa, kwa lugha ya Butiama. Ukimfundisha mtu lugha yako ndipo unapoijua. Anakuuliza kwa nini hapa mnasema hivi na pale vile, na wewe hujawahi kujiuliza. Mimi naamini kabisa (haya ni maoni yangu, mnaruhusiwa kupinga) kwamba ile miezi ilimpa sikio la maneno ambalo lilionekana baadaye.

CAEZAR AU KAIZARI?

Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1962, nchi ikawa Jamhuri, na Rais akalihutubia taifa bungeni kwa Kiswahili. Leo tunaona kawaida, lakini kumbuka Bunge lile lilirithi Kiingereza cha wakoloni.

Halafu mwaka 1963 kikatoka kitabu. Rais wa nchi, ana njaa, ujinga na maradhi vya kupigana navyo, ametafsiri mchezo wa Shakespeare kwa Kiswahili! Chapa ya kwanza iliandikwa Julius Caezar. Angalia herufi: lile s la katikati limekuwa z, ili Mswahili asome vizuri, lakini c ya Kiingereza bado ipo na ae bado ipo. Nusu huku nusu kule. Mwaka 1969 akakirudia kitabu, akakifanyia masahihisho, na jina likatoka jipya: Juliasi Kaizari.

Mtu anaweza kusema hizi ni herufi tu, zinahusu nini. Zinahusu sana. Kwenye alfabeti yetu c haisimami peke yake, lazima iwe na h, kama chai na chuma. Kuandika Caezar ni kumlazimisha msomaji wa Kiswahili avae miwani ya Kiingereza ili asome ukurasa wa kwanza tu. Kaizari inasomeka na mtoto wa darasa la pili kule Buhemba. Na wala sio uzushi. Warumi wenyewe walilitamka jina lile kwa k. Wajerumani waliomtawala babu yako walimwita mfalme wao Kaiser, ni neno hilohilo. Warusi wakasema tsar, ni hilohilo. Biblia ya Kiswahili inasema Kaisari. Neno moja, kila taifa limelipa nguo yake, na hakuna aliyekwenda kuomba ruhusa London.

Na hao wenye Kiingereza chao tunaowaogopa, je, wao wameelewana? Wale mnaoandika barua za kazi hapa kafe mmeona: ukiandika colour kompyuta inapiga mstari mwekundu, ukiandika color unatulia. Unabaki unajiuliza ni wewe au mashine. Wote mko sawa! Colour ni ya Uingereza, color ni ya Marekani, na aliyesukuma sana jambo hilo ni mwalimu wa shule aliyeitwa Noah Webster. Marekani ilikuwa imepata uhuru kutoka kwa Waingereza, na yeye akaona taifa huru haliwezi kuendelea kuandika kwa kunakili bwana wa zamani. Akatoa kamusi ya kwanza 1806 na ile kubwa 1828, akiwa mzee wa miaka kama 70, yenye maneno kama 70,000. Color ikakubalika, center ikakubalika. Lakini alijaribu pia kuandika ulimi kama tung na wanawake kama wimmen, watu wakakataa, ikafa. Hata Shakespeare mwenyewe, zimebaki sahihi zake sita, hazifanani, na hakuna hata moja iliyoandikwa kama tunavyoliandika jina lake leo. Mwandishi mkubwa kuliko wote wa Kiingereza, na jina lake mwenyewe aliliandika kwa namna namna!

Simaanishi kila mtu aandike anavyotaka. Huwezi kuandika kula mahali pa kura halafu useme ni lahaja, tutapiga kura kwa vijiko. Ninachosema ni kwamba sanifu ni makubaliano ya watu, hayakushuka kutoka mbinguni, na watu wa Mara nao ni watu. Matamshi ya mtu ni alama ya alikotoka. Maandishi ni kitu cha kujifunza, na kinajifunzika. Tusichanganye hayo mawili halafu tukamwita mtu mjinga.

BEPARI ALITOKA BARA HINDI

Mwaka huohuo wa 1969 alitoa tafsiri nyingine ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi. Hapa ndipo wataalamu wanapobishana mpaka leo. Jina la Kiingereza linazungumzia mfanyabiashara mmoja tu wa Venisi. Yeye akaandika mabepari, wengi, na tena kwa neno ambalo miaka ile lilikuwa kama tusi. Azimio la Arusha lilikuwa limetoka Februari 1967, na mabepari, makabaila, wanyonyaji, kupe na mirija ndiyo yalikuwa maneno ya redioni kila jioni. Wengi wakaona Rais ameingiza siasa zake kwenye mchezo wa Mwingereza.

Ni kweli, aliingiza. Lakini chimba neno lenyewe. Bepari limetoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi waliokuja pwani, kwenye lugha zao lina maana ya mtu wa biashara tu, mchuuzi, mwenye duka. Ni siasa iliyolibadilisha likawa mnyonyaji. Kwa hiyo Mwalimu alichagua neno ambalo ukilisikia na sikio la zamani linasema mfanyabiashara, na ukilisikia na sikio la 1969 linasema mnyonyaji. Yote mawili kwa mkupuo mmoja. Mimi naita hiyo akili.

Ndivyo alivyofanya na ujamaa pia. Jamaa ni Kiarabu kilichozoea Uswahilini, ni ndugu na watu wa nyumbani. Akaweka u mbele, na mwaka 1962 akaandika kijitabu kuhusu ujamaa kama msingi wa siasa ya Afrika. Neno likaenda duniani bila kutafsiriwa. Na ikulu je? Hilo lilitoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma, ni makazi ya mtemi, likapandishwa cheo likawa makazi ya Rais. Maneno ya bara yalianza kuvaa suti.

Lakini nisiwe mpiga debe. Neno tamu halizuii jambo chungu. Ujamaa uliokuwa undugu kwenye karatasi, miaka ya 1970 watu wengi waliujua kama operesheni, unahamishwa kijiji, nyumba unaiacha, wengine kwa nguvu. Waulizeni wazee, wapo ambao neno hilo mpaka leo likitajwa wanatazama pembeni. Nalo ni fundisho la maneno: maana haikai kwenye kamusi peke yake, inakaa kwenye yale yaliyowapata watu neno lilipotajwa.

JAMBO LINALONIUMA

Sasa nifike kwenye kiini, na hapa naomba wazee wasinikasirikie.

Huyu ndiye mtu aliyewahi kujipatia riziki kwa kufundisha Kizanaki. Na nchi aliyoiongoza ilikipa Kiswahili kila kitu: shule ya msingi, redio, mahakama ya mwanzo, BAKITA mwaka 1967 la kusimamia lugha, kamusi sanifu ya TUKI 1981. Yote mazuri, na ndiyo maana leo Mkurya na Mmakonde wanaoana bila mkalimani. Lakini Kizanaki hakikupata hata dirisha. Hakikuingia shuleni, hakikuingia redioni. Lugha zetu ziliitwa za kikabila, na kabila likawa neno la kuogopwa. Katika shule moja niliyosoma, ambayo siitaji, tulichapwa kwa kuongea lugha ya nyumbani uwanjani. Sio darasani, uwanjani, wakati wa mpira!

Na juu pia kuna ukuta. Mwaka 1982 tume ya rais ya elimu ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili, haikutekelezwa. Mwalimu mwenyewe akiwa bado madarakani alisimama na Kiingereza, akikiona kama Kiswahili cha dunia. Kwa hiyo mtoto wa Butiama anapanda ngazi tatu: Kizanaki kwa mama, Kiswahili msingi, Kiingereza sekondari, na kila ngazi anayopanda anaambiwa ya chini ni uchafu. Wengi wetu tuliodondoka kidato cha nne hatukudondokea hesabu wala baiolojia. Tulidondokea maswali ambayo hatukuelewa yanauliza nini.

Simlaumu peke yake. Nchi changa ya makabila zaidi ya 120 iliogopa kupasuka, na majirani zetu wametuonyesha kupasuka kukoje. Nasema tu kwamba alikuwa na mapenzi mawili na moja lilimeza jingine. Au nilidhani hivyo, mpaka nilipofikiria mwaka 1985.

KUNG'ATUKA

Mwaka 1985 aliachia urais kwa hiari yake, na tarehe 5 Novemba Ali Hassan Mwinyi akaapishwa. Hakupinduliwa, hakushindwa uchaguzi, hakufa. Wakati ule Afrika haikuwa na mazoea hayo. Na Kiswahili pia hakikuwa na neno lililokaa sawa. Kustaafu? Hilo ni la karani na kiinua mgongo. Kujiuzulu? Hilo linanuka kashfa. Kuondoka? Hata mwizi huondoka.

Basi akaenda kuchukua neno kwa mama. Kung'atuka. Ni Kizanaki. Ni lile jambo la wazee ambao wakati wao umetimia, wanasimama kwenye kiti wakiwa bado na nguvu na heshima, ili rika linalofuata likalie. Sio kufukuzwa na sio kukimbia. Alipoulizwa au kuhutubia habari ya kuondoka kwake alilitumia hilo, na nchi nzima kuanzia Mtwara mpaka Bukoba ikajifunza Kizanaki bila kujua. Mwaka 1990 akang'atuka na uenyekiti wa CCM. Leo neno liko kwenye kamusi, wanalitumia wasomaji wa habari, wanalitumia wapinzani wakimtaka mtu atoke, wanalitumia hata mashabiki wakimtaka kocha aondoke. Kila mmoja anaongea lugha ya wazee wa Butiama kama lugha ya taifa lake. Ile lugha ambayo haikupata dirisha iliingia kwa mlango mkubwa, tena mlango wa Ikulu.

Na sasa ile alama ya Nyang'ombe. Mmekuwa mkiniandikia kungatuka, bila alama, eti kwenye simu kuitafuta ni usumbufu. Nawaelewa, nami nimebonyeza sana vile vitufe. Lakini sikilizeni tofauti. Ng bila alama ni ya ngoma na ngazi. Ng' yenye alama ni ya ng'ombe, sauti ya puani. Kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, ngoa ni wivu na tamaa. Kialama kidogo kama punje ya ulezi, na maana imehama nyumba. Wazungu wengi wanahangaika wiki nzima kuitamka sauti hiyo mwanzoni mwa neno. Sisi tumezaliwa nayo. Halafu sisi ndio tunaoitupa!

Alipong'atuka hakuacha maneno. Mwaka 1996 zilichapishwa tenzi zake za Biblia, amezigeuza Injili zote nne pamoja na Matendo ya Mitume kuwa mashairi ya Kiswahili. Kwenye majina ya vitabu hivyo aliandika Enjili, sio Injili, na akaandika kadiri ya utongozi wa Mathayo. Vijana mnacheka najua! Tulieni. Kutongoa kwa Kiswahili cha zamani ni kusimulia kwa ufasaha, kueleza jambo likaeleweka. Hiki mnachofanya nyie stendi jioni ni jirani yake tu, aliyeharibika tabia.

MWITONGO

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 77, akazikwa nyumbani Butiama tarehe 23 Oktoba. Wengi mnaosoma hapa mlikuwa hamjazaliwa. Mahali alipozikwa panaitwa Mwitongo. Itongo kwa lugha zetu huku ni mahali palipokuwa na mji wa watu zamani, mahame, penye majivu na mawe ya mafiga ya waliotangulia. Mwana wa viwavi na mvua alirudi kwenye neno la kwao.

Mimi naona hivi. Kiswahili sanifu kilijengwa na maneno ya Waarabu, Wahindi, Wareno, Wajerumani, Waingereza, na hatuoni aibu kusema meza, shule, gari. Kwa nini tuone aibu na ya bibi? Neno moja tu la Kizanaki lilipopata mtu wa kulisema bila haya, Kiswahili kilitajirika. Yamebaki mangapi huko Bunda, Tarime, Serengeti, Rorya, ambayo wenye nayo wanazeeka na wajukuu wako bize na simu?

Kwa hiyo naomba kazi ndogo. Kila mmoja aende kwa bibi au babu aulize NENO MOJA ambalo Kiswahili hakina, alilete hapo chini kwenye maoni: linaandikwaje, ni la lugha gani, maana yake nini. Na kama kuna ng' ndani yake, weka alama. Matusi nitafuta, ubishi wa hoja karibuni.

Tuko pamoja, Makoko.